Siku Sauli alipokosa mtu wa kumtuma

Kuna sentensi moja inanikera sana na tunaisikia kila mahali, benki, kituoni, ofisi ya mtendaji, siku hizi hadi kanisani: "Mimi natekeleza tu maelekezo kutoka juu." Ukiuliza huko juu ni wapi hupewi jibu, na ukizidi kuuliza unapigwa na methali, mjumbe hauawi, yaani usimsumbue aliyeleta, kamtafute aliyetuma, na aliyetuma mwenyewe humpati. Methali yenyewe sina ugomvi nayo. Mtu aliyeleta habari ya msiba hakuuleta msiba. Ila sisi tumeichukua hiyo methali tukamkinga nayo mtu aliyeshika rungu, na mwenye rungu si mjumbe jamani, mwenye rungu ndo mtendaji wa hilo jambo.

Nimekuwa na kitabu cha Samweli wa kwanza kwa muda sasa, na mlango wa 22 umenikalia kichwani. Ni mlango ambao hauhubiriwi sana. Daudi na Goliathi tunahubiriwa mpaka watoto wa sandei skuli wanakusimulia, lakini huu wa 22 tunaupita haraka kwa sababu una damu nyingi na hauna mwisho mzuri.

Iko hivi. Daudi kamtoroka mfalme Sauli, yuko na njaa, hana silaha, anapita Nobu, mji wa makuhani. Anamkuta kuhani Ahimeleki anamdanganya kwamba mfalme kamtuma kazi ya siri. Ahimeleki hana habari yoyote ya ugomvi wa ikulu, anampa mikate mitakatifu na anampa upanga wa Goliathi ambao ulikuwa umehifadhiwa pale umefungwa kwenye nguo. Basi. Kosa lake lote ndo hilo, kumlisha mtu mwenye njaa ambaye isitoshe ni mkwe wa mfalme. Ila siku hiyo pale Nobu alikuwepo mtu anaitwa Doegi, Mwedomi, msimamizi wa wachungaji wa Sauli, na Doegi akaona kila kitu.

Sasa Sauli yuko Gibea kakaa chini ya mti, mkuki mkononi, watumishi wake wamemzunguka. Anaanza kuwasema. Na hotuba yake naomba uisome taratibu kwa sababu haina neno hata moja la haki wala la usalama wa nchi. Anawauliza, enyi Wabenyamini, huyo mwana wa Yese, yaani Daudi, atawapa nyinyi mashamba? Atawapa mizabibu? Atawafanya wakuu wa maelfu na wakuu wa mamia? Ni kabila lake anaongea nao, watu wa kwao, na anachowakumbusha ni kitu kimoja tu, nani kawaweka mjini. Afu anawalaumu kwamba wote wamemfanyia njama na hakuna hata mmoja anayemwonea huruma. Wako kimya. Anayefungua mdomo ni Doegi: mimi nilimwona, alienda Nobu, Ahimeleki akampa chakula, akampa na upanga.

Ahimeleki anaitwa pamoja na ukoo wake wote, na anajibu kama mtu ambaye hana cha kuficha. Anamwambia mfalme usoni, katika watumishi wako wote nani mwaminifu kama Daudi? Hukumu inatoka hapohapo, utakufa Ahimeleki, wewe na nyumba yote ya baba yako. Sauli anawageukia askari waliosimama karibu naye anawaamuru wawaue makuhani wa Bwana.

Na askari wakakataa.

Biblia haituambii walisema nini wala haitupi jina la hata mmoja wao. Inasema tu watumishi wa mfalme hawakukubali kunyoosha mkono juu ya makuhani. Kumbuka huyo mfalme ana mkuki mkononi, na mkuki huohuo alishamrushia Daudi na akamrushia mwanaye wa kumzaa, Yonathani, mezani wakiwa wanakula. Kwa hiyo hawa askari hawakukataa kwa barua wala kwa simu, wamekataa wakiwa hatua chache tu kutoka kwenye mkuki, mbele ya mtu aliyetoka kuwakumbusha sasa hivi kwamba mashamba yao na vyeo vyao vinatoka kwake.

Sauli hakubishana nao. Akamgeukia Doegi, geuka wewe ukawaue. Na Doegi akageuka. Makuhani 85 siku moja. Afu ukapigwa mji wenyewe, wanaume, wanawake, watoto, wachanga wanaonyonya, ng'ombe, punda, kondoo. Katika ukoo wote wa Ahimeleki akachomoka mmoja tu, Abiathari, akakimbilia kwa Daudi.

Hapa ndo kuna swali ambalo watu wengi wanaliuliza na mimi siwalaumu. Kukataa kwao kumesaidia nini?

Nalijua hili swali kwa karibu. Niliwahi kufanya kazi ofisi moja, sitaitaja, na kulikuwa na mama mmoja mhasibu, mtu mzima, wa kimya, miwani yake anaivaa na kamba shingoni. Siku moja ikaletwa hati ya malipo ya kazi ambayo kila mtu pale alijua haikufanyika. Imeshapita meza mbili, ina sahihi mbili tayari, inasubiri ya kwake. Akaisoma yote mpaka chini, akafunga faili, akaweka kalamu juu ya faili, akamwambia kijana aliyeileta, "Mwanangu, hii mimi sisaini. Rudisha kwa mkuu mwambie mama kasema hasaini." Hakupandisha sauti. Faili likarudi, likaenda meza nyingine, jioni yake likawa limesainiwa na hela ikatoka. Baada ya muda yule mama akahamishwa. Na watu kwenye chai wakawa wanasema hivyohivyo, sasa kasaidia nini? Hela si imetoka? Bora angelinda ugali wake.

Mi sikukubaliana nao siku ile na sikubaliani nao leo, ila jibu langu lilikuwa halijakaa sawa mpaka nilipoanza kusoma wazee wa Kiyahudi walivyoisoma hii habari ya Nobu. Wale marabi wa zamani hawapiti juu juu, wanang'ang'ana na mstari mpaka utoe kitu. Wakauliza, hawa askari waliokataa ni akina nani? Katika Talmudi ya Yerusalemu, yaani mkusanyo wa mijadala na mafundisho yao, wakajibu ni Abneri na Amasa, majina makubwa ya kijeshi kwenye habari za Sauli na Daudi, na wakasema hao wawili walimwambia Sauli maneno haya: una kitu gani unatudai zaidi ya huu mkanda na hili joho? Haya chukua.

Nimeyasoma hayo maneno mara nyingi. Mkanda na joho ndo cheo chenyewe. Ni ile nguo ya kazi, kitambulisho, gari ya ofisi, nyumba ya serikali. Sauli alidhani akishawapa mashamba amewanunua na mikono, wao wakamwonyesha mpaka wa deni uko wapi. Vya kwako chukua, mkono ni wangu na nitaulizwa mimi.

Lakini marabi haohao hawakuwaacha wapumzike. Kwenye Talmudi ya Babeli, katika sehemu inayoitwa Sanhedrini, wanauliza kwa nini Abneri baadaye aliuawa, na jibu mojawapo ni kwamba alipaswa kumpinga Sauli na hakumpinga. Yaani kukataa kuua peke yake hakukutosha, mtu mwenye sauti kama yake alitakiwa azungumze. Rabi mwingine, Isaka, anamtetea, anasema hapana, Abneri alipinga ila hakusikilizwa. Wakaacha majibu yote mawili pale pale. Mimi nakaa karibu zaidi na huyu wa kwanza, kwa sababu kila nikisoma namwona Doegi anapita katikati ya watu wenye silaha na hakuna anayemzuia. Walishusha mikono yao, sawa, na hilo ni kubwa, lakini Doegi alikuwa mtu mmoja.

Na bado sitaki kulipunguza walilofanya, kwa sababu ya Yoabu.

Yoabu ni amiri jeshi wa Daudi. Habari ya Uria wote tunaijua, Daudi kalala na Bathsheba mke wa Uria, mke kapata mimba, Uria kaitwa kutoka vitani ili alale nyumbani kwake afunike mambo, Uria hataki kulala kwake wakati wenzake wako kwenye mahema. Basi Daudi anaandika barua kwenda kwa Yoabu, mwekeni Uria mbele palipo na vita kali, afu mrudi nyuma mwacheni apigwe afe. Na barua hiyo anampa Uria mwenyewe aipeleke. Kila nikifika hapa inaniuma upya. Tunasema mjumbe hauawi, na mjumbe pale alikuwa Uria, na ndo aliyeuawa, na aliyemfanya auawe alikuwa msomaji wa barua.

Sasa mtazame huyo msomaji. Yoabu hayuko mbele ya mkuki. Mfalme yuko Yerusalemu, yeye yuko Raba kwa Waamoni, siku kadhaa za njia. Angeweza kuuliza. Angeweza kuchelewesha, angeweza kuandika kwamba bwana wangu sijaelewa, angeweza hata kumwonya Uria. Hakufanya hata moja. Akampanga Uria karibu na ukuta mahali alipojua wako mashujaa wa adui, na kwa mpangilio huo wakafa na askari wengine ambao Daudi hakuwataja kabisa. Afu akamfundisha mtu wa kupeleka taarifa: mfalme akikasirika akikuuliza kwa nini mlikaribia ukuta, mwambie mtumishi wako Uria Mhiti naye kafa. Anajua kabisa kitakachomtuliza mfalme. Huyu si mtu aliyeelemewa na amri, huyu kaielewa amri kuliko aliyeiandika.

Sasa miaka ikapita, Sulemani anapotoa hukumu ya Yoabu kwa kuwaua Abneri na Amasa, anasema Yoabu aliwaua watu wawili wenye haki na wema kuliko yeye. Marabi wakauliza, wema kuliko yeye kwa lipi? Na jibu lao ndo lililonikalisha chini: wao waliamriwa kwa mdomo na hawakufanya, yeye aliamriwa kwa barua na akafanya. Unaona walivyozishona habari mbili zilizoachana mbali hivyo. Wale walikuwa uso kwa uso na mfalme mwenye hasira, wakakataa. Huyu alikuwa na karatasi tu, na muda wa kufikiri, akatii. Kwa hiyo nikiulizwa yule mama mhasibu kasaidia nini, naanzia hapo. Makuhani wa Nobu walikufa, ndio, lakini watu wa Sauli waliposimama wakapimwa na watu wa Daudi, mizani haikuangalia nani alifanikiwa kuzuia, iliangalia mkono wa nani uliingia.

Kuna kanuni yao moja nyingine, iko kwenye sehemu ya Talmudi inayoitwa Kidushini, kwamba katika jambo la dhambi hakuna kutumwa. Ukitumwa kuuza shamba wewe ni wakala na aliyekutuma ndo kauza. Ukitumwa kutenda uovu, uwakala umekufa, umetenda wewe. Sababu yao ni fupi: maneno ya bwana na maneno ya mwanafunzi, utasikiliza ya nani? Mungu kashaongea, huyo bosi naye ni mwanafunzi tu. Na kuna siku mtu alimwendea rabi mmoja, Rava, akamwambia, mkuu wa mji wangu kaniambia nikamuue fulani, nisipomuua ananiua mimi. Rava akamjibu, afadhali uuawe kuliko kuua, nani kakuambia damu yako ni nyekundu kuliko ya mwenzako? Ni jibu zito, na sijui mtu anapataje nguvu ya kulitoa mbele ya mwenzake anayetetemeka, ila sijawahi kuona hoja inayolipindua.

Habari ya Naboti naigusa tu kwa haraka maana inafanana. Yezebeli kaandika barua kwa jina la mumewe mfalme Ahabu, aliyelitamani shamba la mizabibu la Naboti, kapiga muhuri wa mfalme, kazipeleka kwa wazee na wakuu wa mji wa Naboti, majirani zake kabisa, watu waliokuwa wanakutana naye langoni. Fungeni, mkalisheni Naboti mbele, tafuteni mashahidi wawili wa uongo, mpigeni mawe. Na wazee wote, mmoja baada ya mwingine, wakafanya kama ilivyoandikwa kwenye barua, afu wakarudisha majibu: Naboti kapigwa mawe, kafa. Hakuna hata mmoja aliyekohoa. Shamba la mizabibu likapata mwenyewe mpya.

Sasa niseme kitu cha huku kwetu, kwa sababu kuna mahali panaitwa Nyange, magharibi mwa Rwanda, ambapo haya mambo mawili, kutii na kukataa, yametokea kwenye ardhi ileile. Aprili 1994 Watutsi wapatao 1,500 walikuwa wamejificha ndani ya kanisa la parokia ya Nyange. Likaletwa katapila. Kesi ya padri wa parokia hiyo, Athanase Seromba, ilisikilizwa hapa kwetu Arusha kwenye mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari, na katika ushahidi uliokubaliwa na mahakama, dereva wa katapila alimuuliza padri kama kweli abomoe kanisa, na padri akamjibu abomoe. Akalibomoa na watu wakiwa ndani. Mwaka 2008 majaji wa rufani wakamhukumu yule padri kifungo cha maisha.

Mimi namfikiria sana yule dereva. Aliuliza. Maana yake ndani yake kuna kitu kilikuwa kinakataa, alijua ile ni nyumba ya nini na ndani mna nani. Lakini alichokuwa anatafuta ni mtu wa kumbebea hilo jambo, na kwa bahati mbaya kabisa akalipeleka kwa padri. Akishaambiwa ndio, akaona yeye sasa ni mjumbe.

Miaka mitatu baadaye, Machi 1997, usiku, kwenye shule ya sekondari ya Nyange hiyohiyo, wanafunzi wanajisomea, wakaingia watu wenye silaha wakawaamuru wajitenge, Wahutu upande huu, Watutsi upande huu. Watoto wakakataa. Wakasema sisi wote ni Wanyarwanda. Wakapigwa risasi na mabomu ya mkono, wengine wakafa palepale, wengine wakabaki na majeraha ya maisha. Rwanda imewaweka kwenye orodha ya mashujaa wa taifa, daraja la Imena. Wao nao mtu anaweza kuuliza, wamesaidia nini, si wamekufa? Na mimi namwambia amri ilikuwa wajitenge, na usiku ule haikutekelezwa na hata mtoto mmoja. Muuaji alilazimika kuua bila msaada wa waliouawa.

Ila nisije nikamfanya msomaji adhani kukataa ni kusimama tu ukisubiri risasi. Biblia ina watu waliokataa afu wakaingia kazini. Wale wakunga wa Kutoka mlango wa kwanza, Shifra na Pua, wameitwa na Farao akawaambia mtoto wa kiume akizaliwa muueni. Fikiria amri yenyewe inavyofanya kazi: inataka kutumia mkono ambao mama anauamini kuliko mikono yote, kwenye dakika ambayo mama hawezi kupigana wala kukimbia, na kifo kionekane kama cha kawaida cha uzazi. Wakarudi vijijini wakaendelea kuzalisha kama jana, watoto wakaishi. Farao alipowaita kuwauliza wakamwambia wanawake wa Kiebrania si kama wa Kimisri, wana nguvu, sisi tukifika wameshajifungua. Kuna watu wanashikwa na shida hapo kwamba walidanganya. Mungu kwenye mstari unaofuata anawatendea mema, mi naishia hapo. Na mwandishi akatuachia majina yao, Shifra na Pua, wakati Farao mwenyewe hakumtaja jina.

Au Obadia, msimamizi wa nyumba ya Ahabu, yaani mkuu wa ikulu kwa lugha ya leo. Yezebeli anaua manabii wa Bwana, Obadia anachukua manabii 100 anawaficha hamsini hamsini kwenye mapango, anawapelekea chakula na maji. Maji hayo ni wakati wa ukame, wakati mfalme na yeye wanazunguka nchi kutafuta nyasi za farasi na nyumbu. Na hakuacha kazi! Kila siku anaripoti ikulu. Nawaambia wale wanaodhani ukitaka kuwa na msimamo lazima uandike barua ya kuacha kazi siku hiyohiyo.

Ila ninayempenda kuliko wote ni Ebed-Meleki. Yuko Yeremia 38. Mkushi, towashi, mgeni ndani ya nyumba ya mfalme Sedekia, mtu ambaye kwa hesabu za dunia hana uzito wowote. Wakuu wamemtumbukiza Yeremia kwenye shimo la maji, maji hamna, kuna tope, na Yeremia anazama kwenye tope. Mfalme Sedekia mwenyewe ndo kawaruhusu, na alivyowaruhusu inasikitisha, aliwaambia mfalme hana uwezo wa kufanya jambo lolote kinyume chenu. Mfalme mzima anasema na yeye katumwa! Ebed-Meleki anatoka ikulu anamfuata mfalme kwenye lango la Benyamini, hadharani, anamwambia bwana wangu mfalme, watu hawa wamefanya vibaya, yule atakufa njaa mle. Kile ambacho marabi walikuwa wanamdai Abneri, huyu mgeni kakifanya.

Mfalme akabadilika, akampa watu 30. Na hapa ndo nampendea. Ebed-Meleki kabla ya kwenda shimoni alipita kwenye chumba chini ya hazina, akachukua matambara, nguo zilizochakaa, akamshushia Yeremia kwa kamba na kumwambia, yaweke hayo makwapani chini ya kamba. Ndo wakamvuta. Alikuwa amefikiria kwapa za mzee aliyekonda zitakavyochunika na kamba. Mtu anayepinga uonevu kwa sababu ya hasira tu asingekumbuka matambara, alikuwa anamwona Yeremia mwenyewe, mwili wake. Baadaye mji ulipokaribia kuanguka Mungu akamtumia Ebed-Meleki ujumbe wa peke yake, hutatiwa mikononi mwa watu unaowaogopa. Kwa hiyo alikuwa anaogopa. Imeandikwa.

Narudi kwa Sauli kidogo maana kuna kitu nilikuwa sijakiona. Mlango wa 14, Sauli kaapa kumuua Yonathani kwa sababu ya asali kidogo aliyoonja bila kujua kiapo cha baba yake, na watu wakasimama wakasema hautaanguka hata unywele wake mmoja, wakamwokoa. Mlango wa 22, askari wakakataa kuwaua makuhani wa Nobu. Mlango wa 31, mlima Gilboa, Sauli kajeruhiwa na mishale, anamwamuru mbeba silaha wake achomoe upanga amuue kabla Wafilisti hawajafika, na yule kijana hakukubali, aliogopa sana. Ufalme wa mtu mmoja, mwanzo, katikati na mwisho, na mara zote tatu wa chini yake wamekataa kuitia damu mikono yao. Mara ya kwanza walikuwa umati wakaongea kwa sauti, na Yonathani akapona. Mimi naona siku ya Nobu wangeongea vile, Ahimeleki naye angerudi nyumbani kwake.

Najua mtu ataniletea Warumi 13, kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu, huwa inakuja haraka sana kila mada hii ikiguswa. Naipokea. Mimi nalipa kodi, nasimama kwenye taa nyekundu, naheshimu mwenye cheo. Ila Warumi 13 imeandikwa na Paulo, basi tumwangalie Paulo mwenyewe anaishije. Dameski, liwali wa mfalme Areta anaulinda mji ili amkamate, Paulo hajipeleki kwa mamlaka iliyo kuu, anashushwa dirishani ndani ya kapu. Petro na wenzake wameambiwa na baraza wasifundishe kwa jina la Yesu, wanajibu imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu, wanapigwa, wanatoka hapo wanaenda kufundisha. Yohana Mbatizaji wakati askari walipomuuliza na sisi tufanye nini, hakuwaambia acheni jeshi wala hakuwaambia tiini kila mnachoambiwa, aliwaambia msimdhulumu mtu, msishtaki kwa uongo, mtosheke na mishahara yenu. Alijua vizuri kabisa mlango wa uovu kwa mtu mwenye sare uko wapi.

Na Filipi, Matendo 16, ndo pananimalizia hoja. Paulo na Sila wamevuliwa nguo, wamepigwa fimbo hadharani bila kesi, wamefungwa miguu kwenye mkatale. Asubuhi mahakimu wanatuma askari wao na agizo: waachieni hao watu. Mlinzi wa gereza anawaletea kwa furaha, tokeni, nendeni kwa amani. Ni agizo la kuachiwa huru, mtu yeyote angeshukuru akakimbia. Paulo anakataa. Wametupiga mbele ya watu wote bila kutuhukumu, nasi ni Warumi, yaani raia wa Rumi, wakatutupa gerezani, na sasa wanataka kututoa kwa siri? Hapana, waje wenyewe watutoe. Wale askari wakarudisha hayo majibu, na mahakimu waliposikia ni Warumi wakaogopa, wakaja kwa miguu yao mpaka gerezani, wakawasihi, wakawatoa nje, wakawaomba waondoke mjini. Na hata baada ya kuombwa hivyo, Paulo na Sila walipita kwanza nyumbani kwa Lidia, wakaonana na ndugu, wakawatia moyo, ndo wakaondoka.